Jeki Iliyotoka Bila Kulala

Kaka yangu hakuwahi kujenga nyumba ya maana, hakuwahi kununua gari, na mke aliyekuwa naye aliondoka akisema amechoka kuishi na mtu anayenuka oili hata akitoka kuoga. Lakini ungeingia mtaa wetu wa magereji ukauliza Daktari yuko wapi, hata mtu aliyefika jana angekuonyesha kibanda cha mabati ya bluu, kimebanwa katikati ya duka langu la spea na gereji ya Mnene. Daktari wa jeki. Magari aliwaachia wengine. Yeye alitibu zile jeki ndefu za magurudumu, zinazosukumwa chini ya gari na kulinyanyua kwa kupampu mkono.

Nasema alitibu kwa sababu siku hizi hatibu tena. Nitaeleza ilivyokuwa, na mtanisamehe nikipandisha sauti katikati, maana jambo hili bado limenikaa kooni.

Kwanza mjue alivyofanya kazi. Jeki ikiletwa inazama, yaani umenyanyua gari na baada ya muda linashuka lenyewe polepole, mafundi wengine waliongeza oili na kuirudisha kwa mwenyewe. Kaka aliifungua yote. Aliosha kila kipande kwa dizeli, akavipanga juu ya gazeti kwa jinsi vilivyotoka, akaipeleka pistoni kwenye mwanga na kuigeuzageuza akitafuta mkwaruzo. Sili za mpira, zile pete zinazozuia oili isivuje, alibadilisha zote, pamoja na zilizoonekana nzima, na ukimuuliza kwa nini anatupa kitu kizima anakuangalia kama umetukana wazazi wake. Oili aliijaza wakati pistoni imerudi ndani kabisa, maana ukijaza ikiwa nje, siku ya kuishusha oili inakosa pa kwenda na inatafuta njia kwenye sili. Kisha alifungua vali na kupampu mkono mara ishirini bila mzigo, mpaka upepo wote utoke.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja ule utaratibu wake ulioudhi mtaa mzima. Jeki lazima ilale. Nyuma ya kibanda alikuwa na ekseli ya lori na injini mbili zilizokufa, amezifunga pamoja kwa mnyororo. Alinyanyua mzigo ule, akachora mstari wa chaki ukutani usawa wa kile kikombe cha jeki kinachobeba, akaondoka zake. Jeki ilikaa hapo na mzigo wake mpaka kesho yake mchana. Ikikutwa imeshuka hata unene wa ukucha, inafunguliwa upya, na mwenye jeki apige kelele mpaka achoke.

"Daktari, hii ni jeki au mgonjwa wa kulazwa?" walimuuliza.

"Jeki isipolala, utalazwa wewe," alijibu, na hakucheka.

Ukija kuchukua jeki yako, huondoki bila mahubiri. Sakafu iwe ngumu na sawa. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Usinyanyue gari zito kuliko uzito ulioandikwa kwenye jeki. Na zaidi ya yote, kunyanyua ni kazi ya jeki, kushikilia ni kazi ya stendi, zile nguzo fupi za chuma zenye miguu minne. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana. Alikuwa na jozi sita za stendi, alizichomelea mwenyewe, na alimwazima yeyote aliyeomba. Waliomba mara chache. Wengi waliitikia ndiyo, Daktari, sawa, Daktari, wakaenda kulala chini ya magari yao wakiwa na haraka zao.

Mkubwa wa hao wenye haraka alikuwa Mnene. Huyu alikuwa mwembamba kiasi kwamba akivaa ovaroli unaona ovaroli tu, ndiyo maana tukamwita hivyo. Yeye na kaka walianza kazi siku moja kwa fundi mmoja, wakalala chumba kimoja ujanani, wakavaa suruali moja kwa zamu walipokwenda kuposa. Mke wa Mnene nilimwita wifi, ingawa hatukuwa na damu moja. Walipohamia mtaani hapa waliweka vibanda vyao ubavu kwa ubavu na kutoboa dirisha ukutani ili wapeane vifaa bila kuzunguka. Kutwa nzima niliwasikia wakitukanana kupitia dirisha lile, na mgeni angedhani ni maadui.

"Umejaza nini kwenye jeki hii?" kaka alikuwa akiuliza.

"Oili."

"Oili gani?"

"Oili ni oili, bwana! Wewe unataka niisomee kitabu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Mkono mwepesi, kichwa kigumu, moyo mzuri. Gari ambalo wengine walimaliza kwa siku mbili, yeye alilimaliza kabla ya chakula cha mchana, na kama ni jirani alilitengeneza huku akiimba.

Siku moja Mnene alileta jeki yake mwenyewe, inazama vibaya. Kaka aliitengeneza asubuhi na mapema, sili mpya, oili mpya, akaibebesha ule mzigo nyuma ya kibanda. Haikupita saa mbili Mnene akachungulia dirishani.

"Daktari, nipe jeki yangu. Kuna mtu ana pikapu hapa, anasafiri."

"Haijalala."

"Imeshuka?"

Kaka alikwenda kuangalia chaki. "Haijashuka. Lakini haijalala."

"Sasa mimi nimwambie mteja jeki imesinzia? Ndugu yangu, mimi si mteja wako, mimi ni wewe. Nipe."

Na kaka akampa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua, aliitoa jeki kabla ya siku yake, kwa sababu aliyeomba ni Mnene na kwa sababu alimsumbua. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu napanga mikanda ya feni, nikamwambia, "Leo umelegea." Akanikunjia uso akaingia ndani.

Jeki ile ilifanya kazi wiki tatu bila neno. Wiki ya nne, siku ya Alhamisi asubuhi, nilisikia kishindo upande wa Mnene. Nilidhani ameangusha gia boksi. Kilichonitoa dukani ni kwamba hakuna aliyetukana baada ya kishindo. Mnene akiangusha kitu hutukana.

Alikuwa chini ya pikapu nyingine, anafungua gia boksi, na gari lilikuwa limesimama kwa jeki peke yake. Stendi za kaka zilikuwa upande wa pili wa ukuta, hatua tano. Waliokuwa karibu walisema gari lilishuka kidogo kwanza, taratibu, kisha likaponyoka kwenye kikombe na kukaa chini kwa mara moja. Watu saba walilinyanyua kwa mikono. Kaka ndiye aliyemvuta. Mnene alikuwa macho, uso umekuwa wa majivu, akasema, "Daktari, miguu yangu iko wapi?" Miguu yake ilikuwa palepale.

Hospitalini walituambia ni uti wa mgongo. Walitumia maneno mengi, lakini maana ilikuwa kwamba hatatembea tena, na kwamba tushukuru yuko hai. Wifi aliposikia alikaa sakafuni pale kwenye korido, na tukashindwa kumnyanyua.

Mtaa hauna subira. Kabla wiki haijaisha, kila gereji ilikuwa inajua kwamba jeki iliyoanguka ilitoka kwa Daktari, na kwamba ilitoka bila kulala. Hayo ya kutolala aliyasema kaka mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa kila aliyeuliza. Hakutafuta kisingizio. Alifunga kibanda, akakaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, akashika tama. Chakula nilichomwekea kilipoa mbele yake. Siku moja nilimfokea, nikamwambia kama anataka kufa aende akafie kwake asinitishie wateja.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Kama ni mkono wangu uliomvunja. Nikijua, nitakula."

"Na ukijua ni mkono wako?"

"Nitajua."

Jeki yenyewe ilikuwa bado gerejini kwa Mnene, imefunikwa gunia. Hakuna aliyetaka kuigusa, kama vile ingeuma. Kaka alimfuata wifi kuomba ruhusa. Wifi alikuwa anafua mashuka, na hakuacha kufua.

"Shemeji, naomba niifungue ile jeki."

"Ukiifungua, itamrudishia miguu?"

"Haitamrudishia, shemeji."

"Basi fanya utakavyo," alisema, akafuta mkono na kumpa ufunguo wa gereji.

Tuliileta kibandani kwake, tukaifungua mchana, mlango wazi. Mimi nilishika sinia la kukusanyia vipande. Kaka alitandika gazeti jipya, akafungua kizibo cha mpira, akaiinamisha jeki mpaka kilichomo ndani kikamwagika kwenye kopo. Nilimwona anasita. Akainusa, akaniangalia, akainusa tena.

"Niletee glasi ya maji," alisema.

Nilileta ile ninayonywea mwenyewe. Akachukua chupa yake ya oili ya jeki rafuni, akadondosha tone moja majini. Tone likabaki juu, duara, limetuna kama jicho la kuku. Akamwaga maji, akaiosha glasi kwa sabuni, akaweka maji mengine. Safari hii alidondosha tone kutoka kwenye kopo. Halikubaki juu. Lilizama, likajinyoosha, likapotea majini kama sukari, na maji yakawa na ukungu kidogo. Alirudia mara tatu.

"Hii ni oili ya breki," alisema.

Kisha alitoa sili. Zile alizoziweka wiki nne kabla, mpya kabisa, kutoka dukani kwangu. Zilikuwa zimevimba, zimelegea kama maganda ya maharage yaliyopikwa, na alipozibonyeza zilimmegukia vidoleni. Oili ya breki haipatani na mpira wa aina ile, inaula. Siku za kwanza unaona jeki iko sawa, inabana hata zaidi kwa sababu sili zimevimba, kisha siku moja zinakatika ukiwa chini.

Nilipiga vigelegele. Naona aibu kusema, huku mtu yuko hospitalini hana miguu, lakini nilipiga vigelegele peke yangu mle kibandani. "Si wewe!" nilimwambia. "Kaka, si wewe! Mtu ameongeza oili ya breki baada yako!"

Yeye hakunyanyuka. Aliangalia dirisha lile la ukutani, na upande wa pili, juu ya meza ya Mnene, ilisimama chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya chai nyepesi, imebaki nusu. Furaha ikanikauka. Chupa ile niliiuza mimi. Wakati ule nilikuwa napima oili ya breki kutoka dumu kubwa na kuitia kwenye chupa za maji ya kunywa, kama duka lolote la mtaani, na Mnene aliinunua kwa breki za gari fulani. Oili ya jeki niliitia kwenye chupa zilezile. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa pua unaweza, ukiwa na subira ya kunusa.

Nadhani jeki ilipungua kidogo, kama jeki zote zinavyopungua, na Mnene akanyoosha mkono akachukua chupa iliyokuwa karibu. Oili ni oili.

Hapo mngefikiri mambo yamekwisha. Kaka ana ushahidi, mtaa utasikia, mafundi watajifunza, kibanda kitafunguliwa. Mimi nilishaanza kupanga maneno ya kuwaambia waliomsema. Lakini kaka alisema kwanza ataongea na Mnene, ni haki yake kusikia kabla ya wengine. Tulikwenda saa za kuona wagonjwa, nikiwa na chupa ya chai mkononi, yeye hana kitu.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na dirisha moja lililofunguka. Mnene alikuwa kitanda cha mwisho, amelala chali, kifua kimekuwa kama tenga. Wifi alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Kaka alivuta kiti, akakaa.

Aliyeanza ni Mnene. "Nimesikia umeifungua."

"Nimeifungua."

"Umekuta nini?" Kisha, kabla kaka hajajibu, maneno yakamtoka kwa kasi. "Ndugu yangu, hapa watu wanakuja, wanaleta matunda, wakitoka nawasikia kwenye korido. Wanasema nilijitakia. Wanasema kichwa changu kigumu ndicho kimenileta hapa. Juzi binti yangu ameniuliza, baba, kwa nini hukuweka zile stendi? Nimwambie nini? Nalala hapa usiku na mchana, siwezi hata kugeuka, kazi yangu ni kujiuliza. Kama ni jeki, ni jeki, kitu cha chuma, kinaharibika, ningefanyaje. Lakini kama ni mimi..." Machozi yakamtelemka kuelekea masikioni, na wifi akayafuta kwa kona ya kitenge. "Niambie ukweli. Ilikuwa jeki, sivyo?"

Nilimwangalia kaka. Nilijua atakachosema, kwa sababu mtu huyu hajawahi kumdanganya mteja hata juu ya sili moja.

"Ilikuwa jeki," kaka alisema. "Ni mimi. Sili niliipindisha nilipoiweka. Ingelala siku ile ningeiona. Nisamehe."

Nilifungua mdomo. Kaka alinikanyaga mguu, kwa nguvu, bila kugeuka.

Mnene alifumba macho. Nilimwona anavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuiona tangu alipolazwa. Alipata alichokitaka. Lakini wifi aliweka chini kile kipande cha boksi, akasimama.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Miaka yote mahubiri, stendi, chaki, jeki ilale, na wewe ndiye uliyemvunja mume wangu."

"Ni mimi, shemeji."

"Toka. Na usirudi hapa."

Kaka alimwangalia Mnene, akisubiri, nadhani, aseme neno. Mnene hakufumbua macho. Tukatoka.

Huko nje nilimrukia kama chui. Nilimwita mjinga, nikamwita kila jina nililolijua. Alingoja nimalize.

"Amebakiwa na kitu kimoja cha kujiambia," alisema. "Mdogo wangu, ulitaka nimnyang'anye na hicho?"

"Na wewe umebakiwa na nini?"

Aliniapisha palepale, kwa kaburi la mama, kwamba sitasema. Nikaapa, nikilia kwa hasira. Tuliporudi aliimwaga oili ile, akaiosha glasi yangu, akazitupa sili, na jeki akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu uleule aliokuwa akitengenezea.

Ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba uongo ule ungetoka wodini na kuja mtaani kufanya kazi yake. Wifi alisema, na ana haki ya kusema, kwamba Daktari amekiri. Jeki zikaacha kuja. Hilo nililitarajia. Nililoshindwa kulivumilia ni lile walilojifunza. Walijifunza kwamba kumpelekea fundi jeki ni hatari, kwa hiyo jeki ikizama wakaongeza wenyewe chochote kilichokuwa karibu. Walijifunza kwamba mahubiri ya Daktari yalikuwa maneno matupu, kwa hiyo hata wale wachache waliokuwa wanaazima stendi wakaacha, wengine kwa kicheko. "Stendi zenyewe za nani? Za yule aliyemvunja mwenzake?" Nilianza kupaka rangi nyekundu vifuniko vya chupa za oili ya breki, na kila aliyenunua nilimwambia hii usitie kwenye jeki. Walinijibu, "Mama, umekuwa fundi sasa?" Na sikuweza kueleza nimejuaje, kwa sababu nilikuwa nimeapa.

Kaka akawa anatengeneza baiskeli na matoroli. Kila Jumapili alikwenda hospitalini, baadaye nyumbani kwa Mnene aliporudishwa, akasimama nje ya geti. Wifi hakumfungulia. Binti wa Mnene alikuwa akipita anamwamkia akiangalia chini. Mnene, ambaye kaka aliituliza roho yake kwa uongo ule, hakumwita ndani hata mara moja, na siwezi kumlaumu, kwa sababu alichoambiwa ndicho alichoamini. Miezi minane hivyo. Kisha vidonda vya mgongo vikaoza, homa ikaingia, na Mnene akafa. Mazishini kaka alisimama nyuma kabisa, na watu waliacha nafasi kumzunguka.

Baada ya mazishi nilimwambia kiapo changu kimekwisha. Mwenye kuumia hayupo. Sema sasa, kabla mwingine hajafa. Alisema anasubiri msiba upoe.

Mambo hayakumpa muda. Wiki mbili baadaye wifi alikuja gerejini kugawa vifaa vya marehemu. Fundi tuliyemwita Mfupi, aliyekuwa na gereji ng'ambo ya barabara, alikuja kuchukua spana, kisha akarudi kwake kuendelea na kazi. Alikuwa na gari dogo juu ya jeki, na jeki ilikuwa inazama. Akaishusha, akafungua kizibo, akachukua chupa. Kifuniko kilikuwa chekundu.

Kaka alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Alitupa kila kitu, akavuka barabara.

"Usitie hiyo! Hiyo ni ya breki. Inakula sili."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi. Hiyo ndiyo iliyomvunja Mnene." Watu walianza kusogea, na wifi naye alitoka gerejini. "Jeki yake niliifunga vizuri. Niliifungua, nikakuta oili ya breki ndani. Aliongeza mwenyewe, bila kujua. Nilisema ni mimi kwa sababu aliniuliza akiwa kitandani, nikashindwa. Lakini ilikuwa oili ya breki."

"Ni kweli," nilisema. "Nilikuwepo. Nilishika sinia."

Mfupi alikuwa bado ameshika chupa, hajamimina, na kwa kitambo kile kidogo nilidhani tumefika.

Wifi alisogea mpaka mbele ya kaka. Hakupaza sauti.

"Ulisema mbele yake ni wewe," alisema. "Akiwa hai, akikusikia, ulisema ni wewe. Alikufa akiamini hivyo. Sasa amelala kaburini hawezi kukujibu, ndiyo imekuwa yeye?"

"Shemeji..."

"Iko wapi hiyo jeki? Tuonyeshe. Ziko wapi hizo sili?"

Kaka aliangalia mikono yake. Hakuwa na kitu cha kuonyesha, alikitupa mwenyewe. Mimi nilikuwa dada yake, na niliyeuza sili, na niliyeuza oili, na ushahidi wangu haukuwa na thamani ya pancha. Nyuma mtu mmoja alisonya. Mwingine alisema, "Kumsingizia marehemu, jamani," na wakaanza kutawanyika. Wifi alifunika mdomo kwa kitenge, akarudi gerejini, na tangu siku hiyo hatujasalimiana naye.

Mfupi alimimina. Alijaza mpaka kwenye mdomo wa tundu, akabana kizibo kwa kidole gumba, akapampu. Gari likapanda vizuri sana. Kaka alimwambia, "Basi weka stendi, nakuletea zangu, nakuomba," na Mfupi akamwambia, kwa upole kabisa, kama unavyosema na mzee aliyechanganyikiwa, "Daktari, nenda kapumzike." Kisha akalala chali, akajisukuma chini ya gari mpaka tukabaki tunaona viatu vyake tu.

Kaka alikaa chini kwenye vumbi, karibu na gurudumu. Nilifunga duka, nikaenda kukaa naye. Tulikaa hapo tukiiangalia jeki mpaka saa saba mchana, Mfupi alipotoka na kufuta mikono. Kesho yake alikuwa na gari lingine juu ya jeki ileile.